Mwanasheria wa ajira ndani ya kampuni: kuanzia simu ya meneja wa depo hadi meza ya Tume

Simu huja Ijumaa jioni, saa ambayo hata walinzi wa getini wameanza kutazama njia ya nyumbani.

"Wakili, shikamoo. Yule mtunza stoo nimeshamwandikia."

"Marahaba. Umemwandikia nini?"

"Ya kwenda kwao."

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, na mara nyingi ndipo inapokuwa imeshaharibika. Ofisi yangu iko Tabora, na eneo langu linafuata reli kupita Urambo na Uvinza mpaka Kigoma bandarini. Kampuni ni kubwa, ina maghala, magari na vibarua wa msimu, lakini mwanasheria wa masuala ya ajira ukanda huu ni mmoja. Mwongozo huu nimemwandikia yule atakayekalia kiti cha namna hii kwa mara ya kwanza, akitokea chuoni au kwenye ofisi ya mawakili mjini, akidhani kazi ni kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na kubishana. Kubishana kupo, ila ni sehemu ndogo. Kesi ya kuachishwa kazi huamuliwa depo, ndani ya siku tatu za kwanza, na mtu ambaye hajawahi kusoma sheria. Kazi yako ni kufika kabla ya barua yake.

Vitabu vya mezani

Viwe vitatu na uvizoee kama unavyozoea njia ya kwenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Cha tatu ndicho kitakachochakaa mapema, kwa sababu humo ndimo utaratibu wa nidhamu ulimo. Kando yake weka kanuni za uendeshaji wa Tume za 2007 (Tangazo Na. 64 na Na. 67) na Kanuni za Jumla za 2017. Namba za vifungu sizitaji hapa kwa makusudi: Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba nyingi, na mwanasheria anayenukuu kwa kukariri huumbuka. Yako pia marekebisho ya sheria za kazi ya 2025. Chapisha nakala mpya, ile yenye wino wa chuo mpe mdogo wako.

Hatua ya kwanza: mafaili, wakati hakuna ugomvi

Mwezi wako wa kwanza usiutumie kusoma kesi. Zunguka maghala, fungua makabati. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: jina, umri, anuani ya kudumu, jinsia, mahali alipoajiriwa, kazi anayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi na ujira. Kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5 baada ya ajira kwisha. Na mkifika mbele ya Tume huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti analodai mfanyakazi unakuwa wako.

Katika orodha hiyo kuna kipengele ambacho kila karani wa masijala hukiruka: mahali alipoajiriwa. Kila fomu niliyoikuta hapa ilikuwa na "Kigoma" kwenye kituo cha kazi, na mstari wa juu yake mtupu. Mtu akiachishwa kazi mahali tofauti na alikoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au kumlipia usafiri huo, au kumpa posho ya nauli pamoja na fedha ya kujikimu kwa kila siku kati ya tarehe ya kuachishwa na tarehe ya kusafirishwa. Kanuni za 2017 zinaipima fedha hiyo ya kujikimu kwa mshahara wa msingi wa siku.

Sasa piga hesabu. Fundi anapokea mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Ukigawa kwa 26 unapata 20,000 kwa siku. Amefanya kazi miaka 6 kamili, kazi yake imekwisha kwa kupunguzwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10: 7 mara 20,000 mara 6, yaani 840,000. Wahasibu wanaliona hilo wanatulia. Lakini mtu wetu aliajiriwa Iringa, na hundi ya usafiri imekaa kwa mkubwa siku 45 ikingoja saini. Siku 45 kwa 20,000 ni 900,000. Uzembe wa saini moja umezidi utumishi wa miaka 6! Jambo hili limetupata, na aliyechelewesha hakuwa na ubaya wowote moyoni, alikuwa likizo tu.

Kwa hiyo jaza ule mstari. Kama aliajiriwa Kigoma kweli, andika Kigoma na mwenyewe asaini. Kama mlimtoa kwao, andika kwao. Usimfanyie ujanja, maana barua ya kumwita kwenye usaili anayo sandukuni.

Vibarua wa msimu wa masoko ya tumbaku ni habari nyingine. Mtu mwenye utumishi usiofika miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ndiyo maana mameneja wengi hupenda kuwapumzisha kwenye mwezi wa tano na kuwarudisha wiki mbili baadaye, mwaka baada ya mwaka, kwa jina lilelile na gwanda lilelile. Waambie waache. Siku moja mwamuzi wa Tume ataziunganisha karatasi zote hizo, na atakuwa na haki.

Hatua ya pili: simu inapoingia

Usianze kugomba. Meneja akigombezwa, mara nyingine hatapiga kabisa. Muulize mambo machache kwa sauti ya kawaida: barua imeshafika mkononi mwa mtu au bado iko kwenye droo? Kuna kosa gani, na kanuni gani ya kampuni inalikataza? Nani aliona kwa macho? Mhusika ana cheo kwenye tawi la chama cha wafanyakazi? Je, polisi wameshaitwa?

Barua ikiwa droo, ibaki huko. Ikiwa imeshatoka, kama ile ya mtunza stoo wetu, jitahidi iondolewe siku hiyohiyo kwa barua nyingine, mfanyakazi akubali kwa maandishi kurudi kwenye ajira na siku zake zilipwe. Mameneja huona aibu kufanya hivyo. Waeleze kwamba aibu ya Ijumaa ni ya watu wawili, na ile ya kusomewa tuzo, yaani uamuzi wa Tume, mbele ya mwamuzi inafika mpaka makao makuu.

Kama kuna hofu kwamba mtu ataharibu ushahidi, msimamishe kupisha uchunguzi, kwa maandishi, kwa mshahara kamili. Maneno "kwa mshahara kamili" yasikosekane. Nimewahi kuona barua ya kusimamisha yenye nusu mshahara, kwa mazoea ya zamani ya serikalini, na hiyo nusu iliyokatwa ndiyo ikawa kiini cha malalamiko.

Hatua ya tatu: nidhamu kwanza, au polisi kwanza

Hapa ndipo penye shimo refu. Sheria inasema mfanyakazi akishashtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lilelile, mwajiri hawezi kumpa adhabu ya kinidhamu wala kumwachisha kazi mpaka mahakama imalize, na rufaa kama ipo imalizike. Meneja anayekimbilia kituoni ili "kumkomesha" anajifunga mikono mwenyewe: kesi itaahirishwa na kuahirishwa, mpelelezi atahamishwa, na kila mwisho wa mwezi mtuhumiwa anapokea mshahara wake kamili akiwa amekaa chini ya mwembe.

Siwazuii kuripoti uhalifu. Ninachowaambia ni kwamba kabla hamjaenda, nipigieni, tuangalie kama kikao cha nidhamu kinaweza kufanyika na kwisha kabla ya mtu kufikishwa mahakamani. Kwenye nidhamu kipimo ni uwezekano ulio mkubwa zaidi, si kutoacha shaka. Mtu anaweza kushinda kesi ya wizi na bado akawa amevunja kanuni ya kutunza stoo.

Hatua ya nne: uchunguzi, na lita 80 za dizeli

Mtunza stoo wa ile Ijumaa alidaiwa dizeli. Tanki la depo lilijazwa lita 10,000 mchana, na asubuhi ya pili kijiti cha kupimia kikaonyesha pungufu la lita mia mbili na ushee. Meneja akahesabu: usiku alikuwepo huyu, ufunguo anao huyu, basi ni huyu.

Nilipanda gari nikaenda. Mwanasheria akikaa ofisini na kusoma taarifa iliyoandikwa na mlalamikaji anakuwa karani tu. Dereva wa lori la mafuta, mzee wa siku nyingi barabarani, ndiye aliyenifumbua macho. Mafuta yanayopokelewa saa nane mchana yamekaa juani njia nzima, joto linayatanua. Yakipimwa alfajiri, baridi imeyarudisha. Dizeli hupungua ujazo kwa karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, kwa hiyo lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 10 tu zinaonyesha pungufu la lita 80 hivi, na hakuna aliyeiba hata kibaba. Zilizobaki, zaidi ya mia moja, nyingi zilikuwa zimenywewa na jenereta umeme ulipokatika, na mtunza stoo hakujaza kitabu chake. Hilo ni kosa. Lakini ni kosa la kutokuandika, na barua ya meneja ilisema wizi.

Ndiyo maana uchunguzi ufanywe na mtu mwingine, si yule mwenye hasira. Achukue maelezo ya mashahidi kwa maneno yao, kila mmoja asaini. Apige picha za geji na kurasa za vitabu. Picha za kamera za ulinzi zichukuliwe mapema, kabla hazijafutika, na zitunzwe kwa uangalifu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kuzisambaza kwenye kundi la WhatsApp la depo ni kujitafutia mgogoro wa pili.

Baada ya uchunguzi, kaa na meneja muulizane kama kuna tuhuma kweli, na ni ipi. Ukiandika "wizi" utathibitisha wizi. Ukiandika "kushindwa kujaza kitabu cha mafuta kwa tarehe hizi", utathibitisha hilo, tena kwa kufungua kitabu tu.

Hatua ya tano: wito

Barua ya wito isomeke na yule anayeandikiwa. Kanuni zinataka tuhuma ziwe katika namna na lugha anayoielewa. Kiswahili basi, sentensi fupi, tarehe, saa, mahali. Apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aambiwe ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Zile saa 48 mimi nazihesabu kuanzia saa iliyoandikwa na mkono wa mpokeaji kwenye kitabu cha dispachi, na nikiweza natoa siku tatu. Kijana aliyepewa wito Ijumaa saa kumi jioni kwa kikao cha Jumapili saa kumi amepewa saa 48 za kwenye karatasi. Nani atamsikiliza Jumamosi?

Mwenyekiti wa kikao awe mtu wa menejimenti mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Mjini ni rahisi. Kwenye depo ya huku, mwenye cheo ni mmoja, na ndiye aliyelalamika. Dawa yetu ni kubadilishana: meneja wa Kigoma anakuja kuendesha kikao Tabora, wa Tabora anakwenda Kigoma. Nauli na malazi ya mtu mmoja ni fedha ndogo ukilinganisha na fidia ya kuachishwa isivyo haki, ambayo kwa miaka mingi sheria iliianzishia mishahara ya miezi 12.

Wewe mwenyewe usiwe mwenyekiti, usiwe mwendesha tuhuma, usiwe hata mwandishi wa kumbukumbu. Nasema hivi kwa uchungu wa kuwahi kuulizwa maswali kama shahidi na mtu niliyekuwa nimekuja kumpinga.

Akiwa kiongozi wa tawi la chama, arifu chama na mshauriane nacho kabla ya kuchukua hatua. Usisubiri waje wenyewe na bango.

Hatua ya sita: kikao

Mwenyekiti mwandalie ukurasa mmoja wa mtiririko, aufuate kama hati ya ibada: utambulisho, kusoma tuhuma, jibu la mfanyakazi, mashahidi wa kampuni wakiulizwa maswali mbele yake, kisha mashahidi wake, kisha mapumziko. Akionekana na kosa, aulizwe ana lipi la kupunguza adhabu. Hatua hii ya mwisho wenyeviti huisahau kuliko zote. Wakishajua mtu ana kosa wanaona mazungumzo yamekwisha.

Kumbukumbu ziandikwe za maneno, si za maoni. "Mtuhumiwa alijibu kwa kiburi" haimsaidii mtu. Andika alichosema. Vijijini kwetu wapo wazee wa ghala ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, wakibanwa wanarudi kwenye Kiha au Kinyamwezi. Mtafute mkalimani mapema na jina lake liingie kwenye kumbukumbu. Kila ukurasa usainiwe. Akikataa kusaini, andikeni kwamba amekataa, waliokuwepo wasaini, msonge mbele. Akikataa kufika bila sababu ya msingi, kikao kinaweza kuendelea bila yeye, ila uthibitisho kwamba alipata wito uwe mezani.

Kabla mwenyekiti hajaamua, mpe faili la makosa yaliyopita ya aina hiyo. Usawa unapimwa: kama mwaka jana mwenzake alipewa onyo kwa kosa hilohilo, huyu akifukuzwa mtaeleza tofauti. Mtunza stoo wetu alipewa onyo la mwisho la maandishi. Yuko kazini mpaka leo, na kitabu chake cha mafuta sasa kinajazwa mpaka kinachosha.

Na msimkate fedha za dizeli kimyakimya kwenye mshahara. Makato ya hasara yana utaratibu wake: mfanyakazi akubali kwa maandishi, kosa liwe lake, apewe nafasi ya kujieleza, na jumla isizidi robo ya ujira wake.

Hatua ya saba: barua ya uamuzi na stahiki

Fupi. Sababu, tarehe, haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni, haki ya kwenda Tume. Mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo asiyochukua, notisi pale inapostahili (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), kiinua mgongo isipokuwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, usafiri, na cheti cha utumishi. Cheti hicho hakigharimu kitu, na bado kampuni hukikalia kama mali.

Hatua ya nane: Tume

Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba moja. Migogoro mingine ni siku 60. Amechelewa? Kagua kama ameomba kuongezewa muda. Mgogoro husikilizwa kwenye ofisi ya Tume ya eneo ulikotokea, kwa hiyo wa Kigoma ni Kigoma, hata kama makao makuu yenu yako Dar es Salaam na mkurugenzi angependa iwe karibu na ofisi yake.

Usuluhishi una siku 30. Usiudharau. Kwa miaka mingi sheria ilimpa msuluhishi mamlaka ya kuamua mgogoro bila mlalamikiwa asiyefika. Nenda ukiwa na mambo mawili mfukoni: hesabu ya stahiki uliyoifanya mwenyewe, na idhini ya maandishi ya kiasi unachoweza kukubali. Mwanasheria anayekwenda usuluhishi kisha kila dakika anatoka nje kupiga simu Dar hana anachosuluhisha. Yanayosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mara nyingi utagundua mtu hataki mishahara ya mwaka; anataka cheti chake, likizo yake, na yule meneja amwambie "kaka, tulikukosea".

Ikishindikana, mnaingia kwenye uamuzi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa ni wa mwajiri. Walete walioandika karatasi, si waliozisoma. Mchunguzi, mwenyekiti, shahidi wa macho. Waeleze siku moja kabla, wakiwa wamekula na kulala, maana aliyeshuka kwenye basi alfajiri akitokea Tabora hukosea hata tarehe yake ya kuajiriwa. Waeleze waseme kweli, pamoja na ile isiyotupendeza.

Tuzo ikitoka na hamkuridhika, mna wiki 6 tangu kupokea nakala kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hesabu inaanzia siku ya kupokea, kwa hiyo utahitaji kitabu cha dispachi chenye saini ya aliyeipokea. Chetu kiliwahi kutafutwa siku nne nzima, wiki ya tano ikiwa imeshaingia, kikapatikana chini ya kiti cha dereva, kimefungiwa kamba pamoja na mfuko wa dagaa wa Kibirizi aliotumwa na mke wa mhasibu.